Madumu ya Bwana Lumb

Septemba 14

Nimehamia leo. Wapagazi wamepandisha kabati la marehemu mume wangu Stanley kwa ile ngazi kubwa ya mawe, ngazi iliyojengwa enzi za Malkia Victoria ili waheshimiwa wanne wapande bega kwa bega, na bado wameweza kukwaruza pembe. Sijali. Dari la sebule yangu liko juu kiasi kwamba nikipiga chafya nasubiri kuitikiwa. Madirisha matatu marefu, sakafu ya mwaloni, bafu ambalo ungeweza kuogeshea ng'ombe. Harriet binti yangu kanicheka kwenye simu. "Mama, wewe ni mjane wa muuza mazulia, si mke wa lodi." Nimemjibu kwamba mjane wa muuza mazulia ndiye anayeijua sakafu nzuri akiiona.

Zamani jumba hili la Hollinscar lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kijitabu cha matangazo hakisemi hivyo, kinasema "makao ya kihistoria ya tiba na utulivu". Lakini bonde zima linajua. Utotoni, ukifanya utundu, uliambiwa utapelekwa Hollinscar. Basi nimejipeleka mwenyewe, tena kwa fedha zangu.

Piers Hallam, mwenye mradi wa kuligeuza jumba kuwa fleti, kaja kunikaribisha na kikapu cha jibini na asali. Kijana wa miaka arobaini hivi, koti zuri, kashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Nyuma yake alisimama mlinzi, mzee mrefu aitwaye Amos Lumb. Nimemsalimu. Kaangalia buti zake.

Septemba 15

Mvua.

Septemba 19

Mvua bado. Wenyeji tuko wachache: mimi, mume na mke wa Leeds wanaokuja wikendi tu, na chini yangu Dorothea Sugden, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye sauti ya kunyamazisha uwanja wa mpira. Tumeshakunywa chai mara kadhaa. Fleti nyingine bado zina mafundi.

Upande wa mashariki haujaguswa kabisa. Huko ndiko uliko ukumbi wa dansi, ambamo wagonjwa walichezeshwa muziki kila Ijumaa: vioo vya rangi, nguzo za chuma zenye majani ya chuma, sakafu ya vigae vidogo vidogo. Jengo linalindwa na sheria ya urithi. Hallam anataka kuukata ukumbi uwe fleti tisa, halmashauri inakataa, na mabishano yana umri wa miaka miwili sasa.

"Atashinda," nilimwambia Dorothea. "Mwanaume mwenye adabu vile hushinda."

"Mtu anayetabasamu mpaka magego yanaonekana," akasema, "mimi nikishampa mkono huhesabu vidole vyangu."

Septemba 27

Asubuhi, nikiwa dirishani na chai yangu, nimemwona Lumb akivuka ua wa nyuma na madumu mawili. Mazito, maana alitembea kama bata. Kaingia mlango wa mashariki, katoka mikono mitupu.

Huko hakuna umeme, hakuna mashine, hakuna fundi. Madumu ya nini?

Septemba 28

Madumu tena.

Oktoba 2

Madumu. Na mvua. Nimemwuliza Dorothea kama ameona. "Mwulize mwenyewe," akasema. Huyo mzee hata salamu haitikii, nitamwulizaje?

Oktoba 11

Usiku wa kuamkia leo wezi wamebandua risasi ya paa la mashariki, ile metali ya zamani inayouzika kwa uzito. Leo maji yanaingia ukumbini kama bomba limepasuka. Hallam kapita kwa kila mlango kutupa pole. Kwangu kaketi jikoni, kala biskuti, kanyamaza kidogo.

"Ajabu yake, Bi. Thwaite, lango halikuvunjwa."

"Unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu. Sipendi kumsema mtu nisiye na ushahidi dhidi yake." Kanyanyuka, kajipangusa makombo. "Mwenye funguo za lango ni mimi na Lumb tu. Na mimi nilikuwa London."

Alipoondoka nimebaki nikilitazama lile dirisha ninalomwonea Lumb. Lisemwalo lipo, alikuwa akisema mama yangu, na kama halipo laja.

Oktoba 12

Madumu.

Oktoba 20

Leo nimemfuata. Nimevaa koti la mvua la Stanley, nimezunguka nyuma ya chumba cha zamani cha kufulia, nikachungulia kwenye kioo cha mlango wa mashariki. Lumb alikuwa amepiga magoti ukumbini. Mbele yake lundo la maranda ya mbao, magunia, na makopo ya rangi yaliyokwisha kukauka. Alikuwa akiyakusanya kwa mikono, polepole, kama mtu anayetandika kitanda. Mengine alishayaleta hadi mlangoni.

Nilikanyaga kigae, kikalia. Akageuka.

"Huku si mahali pako, mama," akasema.

"Nimelipia nyumba hapa, Bwana Lumb. Natembea nipendapo."

"Tembea. Ila si huku."

Nimerudi kwangu. Maranda, magunia, rangi. Na madumu. Mimi si mwalimu mkuu lakini hesabu hiyo naijua.

Oktoba 21

Nimemweleza Hallam kwa simu. Kashusha pumzi ndefu. Kasema nisimwambie mtu kwanza, nimwambie yeye kila nikionacho. Nimejisikia kama nimepewa kazi.

Oktoba 25

Mvua. Lumb na madumu. Nimempigia Hallam.

Novemba 5

Usiku wa moto. Hallam alitufanyia sherehe kwenye nyasi mbele ya jumba: soseji, keki nyeusi ya tangawizi, fataki, na katikati lundo la kuni refu kuliko mtu, na juu yake sanamu la matambara la kuchomwa, kama ilivyo ada kila tarehe hii, kumkumbuka yule aliyetaka kulipua bunge zamani. Watu walipanda kutoka kijijini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona jumba lote limewaka rangi ya chungwa, minara yake yote, na nikajisemea, Enid, umefanya vizuri kuja.

Moto ulikuwa ndio kwanza umeshika sawasawa, Lumb akatokea gizani akivuta mpira wa maji. Hakusema neno. Akaumwagia moto maji mpaka ukafa, na sisi tumesimama na soseji zetu tukiwa tumelowa moshi.

Watu wakamzomea. "Wee mzee, umelewa?" "Mwondoeni huyo!" Mtoto mmoja akaangua kilio.

"Upepo umegeuka," Lumb akasema. "Cheche zinaelekea mashariki. Paa liko wazi."

"Ni cheche tu, Amos," Hallam akasema, akicheka na watu. "Ni sherehe."

"Sherehe imekwisha."

Nilimwona uso. Kila mtu aliutazama ule moto kwa furaha, yeye aliutazama kama mtu anayetazama mdai wake. Nikamwonea shaka zaidi. Mtu anayeogopa moto hivyo ana jambo na moto.

Novemba 8

Hallam kaja na maua. Kazungumza habari za hali ya hewa, habari za Harriet, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayelazimishwa: "Kuna jambo limenifikia. Sijui kama ni haki kulisema. Utotoni Lumb aliteketeza ghala la nyasi. Huko bondeni. Polisi walimhoji, wakamwacha kwa kuwa alikuwa mtoto."

Niliweka kikombe chini.

"Kwa nini usimfukuze?"

"Kwa sababu ya maneno yangu peke yangu? Atasema namwonea. Wenye nyumba wakisema wenyewe, hapo ni jambo jingine." Kanigusa bega. "Lakini usijitie taabuni, mpenzi. Wewe pumzika."

Novemba 16

Tumegombana na Dorothea. Nilishuka kumweleza yote: maranda, madumu, ghala. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kama anavyosikiliza redio.

"Nikuulize kama mtoto wa darasa la nne," akasema. "Ukumbi ukiungua, nani analia na nani anacheka?"

"Sote tutalia!"

"Jibu swali. Halmashauri haiwezi kulinda majivu. Ukuta ukibaki mtupu, nani anapata fleti zake tisa?"

"Unamchukia Hallam kwa sababu ni kijana, ni tajiri, na ana adabu."

"Na wewe unampenda kwa sababu anakula biskuti zako. Enid, mwenzangu, tangu Stanley afe hakuna mwanaume aliyekaa jikoni kwako akakusikiliza. Hilo silicheki. Lakini huyo mtu hasikilizi. Anapanda mbegu."

Nilimwambia hana haki ya kumtaja Stanley. Nikapanda kwangu. Nimepika supu, sikuila.

Novemba 17

Hatujasalimiana.

Novemba 23

Mkutano wa wenye nyumba, katika chumba cha zamani cha bodi, chini ya picha za waheshimiwa wenye ndevu. Hallam hakusema chochote kumhusu Lumb. Aliuliza tu kama kuna mtu ana wasiwasi juu ya usalama. Kisha akanitazama.

Nikasimama. Nikasema madumu, nikasema maranda na magunia, nikasema paa na funguo. Nikasema ghala la nyasi. Mume wa Leeds akasema "Mungu wangu." Dorothea akainuka na fimbo yake.

"Kuna mtu aliyefungua hata dumu moja akanusa?"

Wakapiga kura. Mikono yote juu, ila mmoja.

Novemba 24

Lumb kaondoka leo. Nilikutana naye langoni, amebeba begi la turubai na birika lake la chai. Nilitaka kupita pembeni, akasimama mbele yangu. Kwa mara ya kwanza alisema maneno mengi kwa mkupuo.

"Wewe uko ghorofa ya kwanza, mama. Mlango wako wa nyuma unatokea ngazi ya chuma. Usiufunge kwa komeo usiku. Na ile kengele ya moto, usiitegemee."

Akaenda zake mvuani.

Mlango wangu kaujuaje? Nisiufunge ili iweje? Nimemweleza Hallam, naye kanituma nikaseme polisi, ili ibaki imeandikwa kwamba nimetishiwa. Nimekwenda. Usiku huu nimefunga komeo, na nimeegemeza kiti.

Novemba 30

Hakuna madumu. Amani.

Desemba 6

Theluji kidogo, ikayeyuka. Kuna mlinzi mpya anayekuja jioni, anakaa ndani ya gari lake akitazama simu. Mafundi wa paa wamerudi. Wameingiza mbao mpya ukumbini, na matandiko ya zamani ya hospitali waliyoyatoa darini. Nilipita nikaona yamerundikwa hadi madirishani. Kijana wa paa, aitwaye Kirk, kaniambia, "Usihofu, mama, yote yataondoka kabla ya Krismasi."

Desemba 9

Dorothea ana mafua. Nimeacha chungwa na asali mlangoni kwake, nikagonga, nikakimbia kama mtoto. Jioni chungwa halikuwepo.

Desemba 14

Naandika nikiwa nyumbani kwa kasisi, kwenye meza ya mkewe. Nitaandika yote, na kwa mpangilio.

Leo Jumapili kulikuwa na nyimbo za Krismasi kanisani kijijini, alasiri. Hallam alikodi basi dogo, kwamba wenyeji wote wa Hollinscar tukaimbe pamoja kama familia. Alisisitiza. Alituma vikadi, akatuma ujumbe, akatuahidi divai ya moto yenye karafuu. Dorothea alikuwa ameitikia. Lakini nilipopita mlangoni kwake, alifungua akiwa na gauni la kulalia, pua nyekundu. Tulitazamana.

"Chungwa lilikuwa tamu," akasema.

"Nitakuletea jingine."

"Nenda ukaimbe. Unaimba vibaya, lakini nenda."

Basi likaondoka. Hallam hakupanda nasi, alitukuta kanisani na gari lake, akakaa nyuma yangu. Tuliimba wimbo wa kwanza. Tuliimba wa pili. Kasisi alipoanza kusoma, nikasikia pumzi ya Hallam sikioni.

"Bi. Sugden yuko wapi?"

"Hakuja," nikanong'ona. "Mafua."

"Kaenda wapi?"

"Hajaenda popote. Yuko kitandani kwake."

Niligeuka. Nimezika mume, najua uso wa mtu unavyokuwa damu ikiukimbia. Mdomo wake ulibaki wazi. Akasimama, akakanyaga watu miguu, akatoka na simu mkononi. Nilidhani kapata habari za msiba. Nilimwonea huruma! Nikarudi kwenye kitabu changu cha nyimbo.

Tulikuwa katikati ya wimbo wa nne, mlango ukafunguliwa kwa kishindo na mwanamke mmoja akapiga kelele: "Hollinscar inaungua!"

Kutoka uwanja wa kanisa unaiona ng'ambo ya bonde. Jua lilikuwa linazama. Upande wa mashariki wote ulikuwa umewaka kwa ndani, vile vioo vya rangi vimeng'aa, nyekundu na buluu na kijani, vizuri kuliko vilivyowahi kuwa, kisha kimoja kimoja vikapasuka. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kule, ukiusukuma moshi juu ya jengo kubwa. Hatukusikia kengele. Mume wa Leeds alisema simu yake, iliyounganishwa na kengele ya moto, ilipaswa kupiga king'ora. Ilikuwa kimya.

Mke wa kasisi ndiye aliyenipeleka kwa gari. Njia nzima nilikuwa nasema jina moja tu. Magari ya zimamoto yalikuwa yamefika, nyasi zote mipira ya maji. Na pale, chini ya mti wa msonobari, aliketi Dorothea, uso mweusi, amevikwa koti kubwa la kiume juu ya gauni lake la kulalia, anakohoa mpaka anainama. Pembeni yake Amos Lumb, mikono yake ameinyoosha mbele kama si yake, na ngozi inaning'inia.

Nilipiga magoti. Dorothea alinishika nywele. Wauguzi wakawapandisha wote wawili kwenye gari la wagonjwa.

Halafu akaja askari. Alijua jina langu. "Bi. Thwaite, wewe ndiye uliyeripoti kwamba huyu Lumb alikutishia?"

Nikasema ndiyo, mimi.

"Alikuambia nini hasa?"

Nikamwambia maneno yale. Mlango wa nyuma, kengele. Niliyasema bila kuyafikiri, kama mtu anayesoma anwani yake. Aliyaandika, akafunga kijitabu, na nilipomwona anakwenda kuelekea lile gari la wagonjwa ndipo nilipoyasikia maneno yenyewe kwa masikio yangu. Usifunge komeo. Usiitegemee kengele.

Nilimwita. Kelele za mashine zilikuwa nyingi.

Desemba 15

Nimekwenda hospitali. Dorothea anaongea kwa sauti ya chura, na wauguzi wamemkataza, na hajawahi kukatazwa akakubali.

"Moshi uliingia chini ya mlango," akasema. "Nikafungua, korido nyeusi tii. Nikaanguka. Nikasikia mtu anaita, 'Sugden! Piga kelele!' Nikapiga ukuta kwa fimbo. Akanikuta. Akatoa dumu chini ya ngazi, Enid, lilikuwa limefichwa nyuma ya mabomba, akanimwagia lote kichwani, na blanketi, akaniviringisha kama zulia. Maji. Yalikuwa maji."

Nilitazama mikono yangu.

"Mabomba ya kuzimia moto upande ule yalikatwa tangu kiangazi," akasema. "Ameniambia tukiwa pale kwenye nyasi. Aliwaambia watu wa Hallam, wakasema watarekebisha. Basi akawa anapeleka maji mwenyewe. Na yale maranda alikuwa anayatoa nje. Akiyatoa leo, kesho anakuta mengine."

"Alikuwa anafanya nini huko jana?"

"Alikuwa akija kila siku. Anasimama nje ya ukuta, analitazama paa. Mtu wa hivyo huwezi kumfukuza kwa kura." Akakohoa sana. "Yuko wodi ya chini. Kuna polisi mlangoni kwake."

Nilishuka. Askari hakuniruhusu kupita. Kupitia kioo niliona bandeji mbili nyeupe juu ya shuka, na uso umegeukia ukutani.

Desemba 16

Jengo kubwa limesalimika, wazimamoto wamesema naweza kuingia mchana kuchukua vitu. Nilikuwa nafunga sanduku, mlango ukagongwa. Hallam. Amekonda kwa siku mbili. Alinikumbatia, nikamwacha anikumbatie.

"Kama si wewe," akasema, "tusingekuwa na pa kuanzia. Ulimwona tangu mwanzo. Sasa ni muhimu ushikilie maneno yako, Enid. Watakuja watu kukuchanganya."

Hajawahi kuniita Enid.

"Karibu chai," nikasema.

Nilimpa biskuti. Alikula. Akasema kampuni itanitafutia mahali pa kukaa pazuri, na kwamba matengenezo yakianza upya, ghorofa ya juu upande wa mashariki itakuwa na mandhari isiyo na kifani, na watu walioteseka watafikiriwa kwanza. Majivu hayajapoa, anagawa vyumba. Nilimimina chai ya pili, nikasema kama mwanamke mjinga, na sikuhitaji kuigiza sana:

"Ulitoka kanisani kwa haraka. Nilidhani umepata msiba."

"Nilisikia harufu ya moshi," akasema mara moja. "Nina pua kali. Nikasema ngoja nitazame."

"Aa," nikasema. "Pua nzuri hiyo."

Upepo ulikuwa unatoka kwetu. Moshi wote ulikwenda ng'ambo, juu ya mlima. Hakuna aliyesikia harufu, hata tuliposimama nje tukiutazama moto kwa macho. Na hakuniuliza moshi. Aliniuliza Dorothea yuko wapi. Alimwogopea Dorothea kabla hakujawa na cha kuogopa.

Nilimsindikiza mpaka ngazini. Alishuka akiwa ameshika ule ukuta wa mawe kama mgonjwa. Nikamwazia kanisani, mdomo wazi. Hakutaka afe mtu. Hilo namwamini. Alitaka tu tuwe tunaimba.

Desemba 17

Polisi. Afisa ni mwanamke wa makamo, Inspekta Ramsbottom, mwenye mafua kama kila mtu. Nimemsimulia kanisa, pua kali, upepo. Aliweka kalamu chini.

"Mama, mwezi uliopita ulikuja hapa ukaapa kwamba Lumb ni mtu hatari. Jumapili ukarudia. Leo unasema ni Hallam. Wiki ijayo atakuwa nani, kasisi?"

"Una haki ya kuniuliza."

"Ulimwona Lumb na petroli?"

"Nilimwona na madumu. Petroli niliimimina mimi, kwa kichwa changu."

"Hayo niyaandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na uandike kwamba alinionya, nami nikaita onyo tishio. Kisha tafuta Hallam alimpigia nani simu alipotoka kanisani. Kama kweli alinusa moshi, atakuwa amewapigia zimamoto."

Alichukua kalamu.

Desemba 24

Niko kwa Dorothea, au tuseme tuko wote kwa dada yake, mjini. Bata mzinga mdogo. Hakuna habari.

Januari 6

Inspekta kapiga simu. Hallam hakuwapigia zimamoto. Alimpigia Kirk, kijana wa paa, mara sita mfululizo, na Kirk hakupokea. Kirk alipoulizwa mara ya kwanza alikana, mara ya pili akalia. Kengele aliikata yeye, na moto aliuwasha yeye. Risasi ya paa pia aliibandua yeye, kwa ufunguo aliopewa na Hallam. Simu alikuwa ameiacha garini, alisema, kwa sababu aliagizwa asiwe nayo.

Lumb ameachiwa.

Januari 19

Hallam amefikishwa mahakamani na amekana. Kesi itasikilizwa kiangazi. Wenye nyumba wamefanya mkutano, sikualikwa, ila mume wa Leeds kanipigia kunieleza kwamba kampuni ikifilisika fleti zetu hazitanunuliwa hata na panya, na kama ningefunga mdomo bima ingelipa na kila mtu angeendelea na maisha yake. "Uliropoka dhidi ya mtu mmoja, ukaropoka dhidi ya mwingine," akasema. Sikumjibu. Nusu ya maneno yake yalikuwa kweli.

Januari 20

Theluji.

Februari 2

Nimekwenda kwa Amos Lumb. Anakaa katika nyumba ndogo za safu, mwisho wa kijiji. Tangu aachiwe nimeanza safari hii mara nyingi na kurudia njiani.

Alifungua mlango kwa kiwiko. Mikono imo ndani ya glavu nyeupe za hospitali.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Sugden kaniambia ulikwenda polisi. Inatosha."

"Haitoshi."

"Basi haitoshi." Aliegemea kizingiti. "Lile ghala ni kweli. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nilikuwa nachezea viberiti. Kulikuwa na farasi wawili ndani. Tangu siku hiyo siwezi kukaa penye mbao nisijue maji yako wapi. Hallam alijua, nilimwambia mwenyewe siku aliponiajiri. Nilidhani ni vizuri mtu ajue anamweka nani."

Nilizitazama zile glavu.

"Hallam nimemwelewa," akaendelea. "Alikuwa anatafuta chake. Wewe ndiye umenishinda. Kila asubuhi ulikuwa pale dirishani na kikombe chako. Uliniona kuliko mtu yeyote. Kwa nini hata siku moja hukufungua dirisha ukaniuliza, Lumb, umebeba nini?"

Nilitafuta jibu zuri, na nina hakika alijua ninalitafuta.

"Ungesema maji," nikamwambia, "nisingekuamini."

Aliinua macho kutoka kwenye buti zake. Macho yake ni ya kijivu, sikuwahi kuyajua.

"Hilo angalau ni kweli," akasema.

Ndani, birika likaanza kupiga mluzi. Akageuka akaenda kuliondoa, na nikamsikia anahangaika na mpini kwa mikono ile. Mlango kauacha wazi. Nilisimama kizingitini, theluji inaniingia kolani, nikiutazama ule uwazi, na sikujua kama ameuacha kwa ajili yangu au ameusahau.

Nikamwuliza.